Idadi ya tarakimu nayo ni habari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nitoe dukuduku ambalo nimekuwa nalo kwa muda mrefu, na ambalo hivi karibuni limenishinda kulinyamazia. Katika ukurasa wenu wa habari za kimataifa mlichapisha taarifa ya kimbunga iliyosema kwamba upepo wake mkali ulifika "takriban kilomita 160.934" kutoka kwenye kitovu. Nilipoisoma nilicheka kwanza, kisha nikasikitika, maana si vigumu kubuni kilichotokea: mwandishi wa awali alisema umbali ulikuwa kama maili 100, mfasiri akachukua kikokotoo, akazidisha 100 kwa 1.60934, na jibu lililojitokeza kwenye kioo akalihamishia gazetini kama lilivyo. Hesabu yenyewe haina kosa. Tatizo ni kwamba mtu aliyetoa makisio sasa anaonekana kama aliyepita na kamba akiupima upepo mita moja baada ya nyingine, na lile neno "takriban" limebaki limesimama kwa aibu mbele ya tarakimu sita.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na somo la tarakimu muhimu nalifundisha kila mwaka. Kwa waliolisahau, tarakimu muhimu za namba ni zile zinazobeba taarifa kutoka kwenye kipimo, yaani zote ambazo mpimaji ana hakika nazo pamoja na moja ya mwisho aliyoikisia. Rula yenye alama za milimita humruhusu mtu aseme bila wasiwasi kwamba penseli ina urefu wa sentimita 14.3 na kidogo zaidi, na akitazama vizuri anaweza kukisia kwamba ncha imefika katikati ya alama mbili, akaandika 14.35. Hiyo 5 ina mashaka, lakini ni halali kwa sababu mpimaji ameiona kwa kiasi fulani. Akiandika 14.3527, mbili za mwisho amezitunga. Ndiyo maana nasema idadi ya tarakimu si pambo la namba: ni sehemu ya habari yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayomweleza msomaji jinsi jambo lilivyopimwa, na anayeibadilisha amebadilisha habari hata kama thamani haikusogea.

Niruhusu nieleze kisa kimoja cha maabara, kwa sababu kanuni zikielezwa bila kipimo huwa zinachosha. Mwanafunzi mmoja aliniletea daftari lenye densiti (yaani uzito ukigawanywa kwa ujazo) ya kipande cha chuma. Mizani ilikuwa imempa gramu 42.7. Katika silinda ya kupimia yenye alama kila mililita moja, maji yalisimama kwenye 21.4 kabla ya kukitumbukiza kipande, na kwenye 26.9 baada ya kukitumbukiza, hivyo ujazo ukawa mililita 5.5. Akagawanya, akaandika gramu 7.763636364 kwa kila sentimita ya ujazo (ambayo ni sawa na mililita moja), akaipigia mstari mara mbili. Nilipomuuliza hizo tarakimu kumi amezitoa wapi alinijibu kwa unyoofu kabisa: "Mwalimu, kikokotoo ndicho kimesema."

Sikumkaripia. Nilimrudisha kwenye silinda, akainama hadi macho yake yakawa sawa na uso wa maji, pale chini kabisa ya ule mbonyeo, akasoma upya. Safari hii akasita: labda ni 26.9, labda 26.8, na ukimshikilia sana angekubali hata 27.0. Basi nikamwambia arudie hesabu kwa ujazo wa 5.4, akapata 7.907 na ushee, kisha kwa 5.6, akapata 7.625. Aliyapanga majibu yote matatu, moja chini ya jingine, akayatazama kwa muda. Saba ilisimama imara katika yote matatu. Tarakimu iliyofuata ilikuwa 6, 7 au 9, yaani ilikuwa inayumba tayari. Hizo nane zilizobaki, alizozipigia mstari mara mbili, hazikuwa zinasema lolote kuhusu chuma kile. Tukakubaliana aandike 7.8, akijua kwamba 8 yenyewe ni ya wasiwasi.

Hapo ndipo kanuni ya kuzidisha na kugawanya inapoanza kueleweka: jibu haliwezi kuwa na tarakimu muhimu nyingi kuliko ile namba maskini kuliko zote zilizoingia kwenye hesabu. Gramu 42.7 zina tarakimu tatu, mililita 5.5 zina mbili, kwa hiyo jibu ni la tarakimu mbili. Lakini kuna jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka, nalo nadhani ni muhimu kuliko kanuni yenyewe. Vipimo vya maji, 21.4 na 26.9, vyote vilikuwa na tarakimu tatu. Umaskini ulitoka wapi? Ulitoka kwenye kutoa. Katika kujumlisha na kutoa kinachotazamwa ni nafasi za desimali, wala si idadi ya tarakimu, na namba mbili zinazokaribiana zikitolewa, tarakimu za mbele hufutana na kuacha mkia wenye mashaka ukiwa peke yake. Toa 10.49 kutoka 10.52, vipimo viwili vyenye tarakimu nne kila kimoja, na utabaki na 0.03, tarakimu moja tu, tena ile ya kukisia.

Ukijua ugonjwa ulipo, dawa unaipata mezani bila kununua chombo kipya. Nilimpa yule kijana vipande vitano vya chuma kilekile avipime kwa pamoja. Mizani ikasoma gramu 213.6, maji yakapanda kutoka 21.4 hadi 48.8, ujazo ukawa 27.4, na kikokotoo kikaonyesha 7.795620438. Safari hii mwenyewe aliandika 7.8 bila kuulizwa, nami nikamwambia hapana, sasa amejipunja: ana haki ya 7.80. Alishangaa kwamba sifuri isiyobadilisha thamani inaweza kuwa na uzito wowote. Ina uzito, kwa sababu 7.8 husema "nimeona hadi sehemu ya kumi", na 7.80 husema "nimeona hadi sehemu ya mia, nikakuta sifuri".

Sifuri ndizo zinazowasumbua watu zaidi. Zile zinazotangulia mwanzoni hazihesabiwi, kwani kazi yake ni kushika nafasi tu: milimita 14.3, sentimita 1.43 na mita 0.0143 ni kipimo kimoja chenye tarakimu tatu, na kubadilisha kizio hakumwongezei mtu maarifa. Zilizo katikati zinahesabiwa, na zilizo mwishoni baada ya nukta ya desimali zinahesabiwa pia. Shida iko kwenye sifuri za mwisho za namba nzima. Nikikuambia umbali ni mita 1,200, hujui kama nimepima hadi mita moja nikakuta 1,200 kamili, au nimekadiria hadi mia iliyo karibu. Wanasayansi hukwepa utata huu kwa kuandika katika umbo sanifu, 1.2 × 10³ kwa makadirio na 1.200 × 10³ kwa kipimo kamili, ingawa najua gazeti haliwezi kuwaandikia wasomaji wake hivyo.

Kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu mlima Everest kinachofaa kutajwa hapa. Wapimaji wa Kiingereza nchini India walipotangaza urefu wake mwaka 1856 walisema ni futi 29,002. Husimuliwa kwamba hesabu zao zilitoa wastani wa futi 29,000 kamili, wakaongeza mbili wakihofia watu watadhani ni makisio ya jumla. Kiwe kweli au kimetiwa chumvi, kisa hiki kinaonyesha wasomaji tulivyo: namba yenye sifuri nyingi tunaishuku, na yenye mkia mrefu tunaiamini, hata kama mkia huo umebandikwa. (Kipimo kilichotangazwa na China na Nepal mwaka 2020 ni mita 8,848.86, na hapo vifaa vya setilaiti vilihusika, kwa hiyo zile sentimita zina mahali zilikotoka.)

Sasa nisije nikaeleweka kwamba nawahimiza mkate tarakimu ovyo. Kosa la upande wa pili lipo, na pengine ni baya zaidi, kwa sababu anayeongeza tarakimu za uongo huweza kuumbuliwa na kipimo kingine, bali anayefuta za kweli huondoka na ushahidi. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh, ambaye miaka ya mwanzoni ya 1890 alikuwa akipima uzito wa gesi ya naitrojeni. Aliipata kwa njia mbili: kwa kuondoa oksijeni na gesi nyingine zilizojulikana kutoka kwenye hewa, na kwa kuitengeneza kutoka kwenye kemikali kama amonia. Ilipaswa kuwa gesi ileile, lakini ile ya hewani kila mara ilikuwa nzito kidogo. Mwaka 1892, jambo ambalo wewe Mhariri huenda likakufurahisha, aliandika barua kwenye jarida la Nature akiwaomba wanakemia wamsaidie kuelewa tofauti hiyo. Aliposafisha zaidi njia zake tofauti haikupungua, bali iliongezeka: tufe lake la kioo likijazwa naitrojeni ya hewani lilibeba takriban gramu 2.310, na likijazwa ya kemikali, takriban gramu 2.299.

Zitazame vizuri namba hizo mbili. Zikadirie hadi tarakimu mbili, na zote zinakuwa 2.3. Mtu mwenye haraka angeandika 2.3 mara mbili, akapiga mstari, akaenda zake. Rayleigh alikuwa amerudia vipimo vyake mara nyingi na alijua kwamba mizani yake inastahili kuaminiwa hadi tarakimu ya nne na zaidi, hivyo tofauti ile ya nusu asilimia hakuwa na namna ya kuiita bahati mbaya. Mwaka 1894, yeye na mwanakemia William Ramsay walitangaza kwamba ndani ya hewa tunayovuta kila siku kuna gesi nyingine iliyokuwa haijatambuliwa na mtu, ambayo leo tunaiita agoni, nayo ni kidogo chini ya asilimia moja ya hewa yote. Mwaka 1904 wote wawili walipata Tuzo ya Nobel, mmoja ya fizikia, mwingine ya kemia. Na zaidi ya miaka 100 kabla yao, mwaka 1785, mwanasayansi Mwingereza Henry Cavendish, akichunguza naitrojeni ya hewani, alikuwa ameona kiputo kidogo cha gesi kilichogoma kuungana na chochote, akakiandika kwa uaminifu kuwa hakizidi sehemu 1 ya 120 ya ile naitrojeni. Hakujua ni nini, lakini hakukifuta.

Turudi gazetini. Kosa la kubadilisha vizio si la mfasiri wenu peke yake, na historia yake ni ndefu. Daktari Mjerumani Carl Wunderlich alichapisha mwaka 1868 matokeo ya kupima joto la miili ya wagonjwa wengi mno, akataja nyuzi 37 za Selsiasi kuwa joto la kawaida. Ilikuwa namba ya tarakimu mbili yenye kuruhusu watu watofautiane. Ilipohamishiwa kwenye Farenhaiti ikawa 98.6, na ile nukta sita, ambayo ni mabaki ya hesabu tu, ikapata heshima ya mpaka: hadi leo wapo wanaosoma 98.9 kwenye kipimajoto wakaanza kuita ni homa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1992 ulipata wastani wa karibu 98.2, na wenye afya njema walikuwa wametawanyika juu na chini ya hapo.

Jambo jingine lililonikera lilikuwa jedwali la afya ambamo mliandika kwamba dawa fulani iliwapa nafuu asilimia 58.333 ya waliojaribiwa. Waliojaribiwa walikuwa 12, na waliopata nafuu 7. Hapa mtu anaweza kunibana, na kwa haki, kwamba 7 na 12 ni namba za kuhesabu, hazina mashaka, na namba za kuhesabu hazipunguzi tarakimu za jibu kama vile 2 iliyo katika kanuni ya mzingo wa duara isivyopunguza, au kama inchi moja, ambayo tangu mwaka 1959 ni sentimita 2.54 kamili kwa makubaliano. Ni kweli kabisa. Lakini jedwali lenu halikukusudiwa kuwaeleza wasomaji kuhusu wale 12 tu; lilikusudiwa kueleza dawa. Na kuhusu dawa, kama mgonjwa mmoja zaidi tu angepata nafuu, 58 ingeruka hadi 67. Namba inayoruka kwa hatua ya karibu asilimia 8 kila mtu mmoja anapobadilika haiwezi kubeba sehemu za elfu za asilimia.

Kuhusu namna ya kukadiria nitasema machache. Tarakimu zibakishwe zote wakati hesabu inaendelea, na zipunguzwe mwishoni mara moja tu, kwa kutazama tarakimu inayofuata, si kwa kukata mkia. Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha faharasa yake (namba inayoonyesha jinsi bei za hisa kwa jumla zinavyopanda au kushuka) mwaka 1982 kwenye 1,000, na kompyuta ikawa inakata kila kilichozidi desimali ya tatu, maelfu ya mara kwa siku. Kila mkato ulikuwa mdogo kupita kiasi, lakini yote ilielekea upande mmoja, chini. Walipokuja kusahihisha Novemba 1983, faharasa iliyokuwa ikisomeka 524.811 ilipaswa kuwa 1,098.892.

Nikiri pia kwamba tarakimu muhimu ni chombo butu. 1.1 na 9.9 zote zina tarakimu mbili, lakini kuyumba kwa 0.1 ni karibu asilimia tisa ya ile ya kwanza na asilimia moja tu ya ile ya pili. Wala wingi wa tarakimu hauhakikishi usahihi, kwani mizani isiyorudishwa kwenye sifuri itakupa gramu 42.713 kwa ushupavu uleule, na zote zikawa na walakini. Ndiyo maana maabara kubwa huandika thamani pamoja na kiasi cha mashaka yake. Namba isiyobadilika ya mvutano ya Newton, kwa mfano, kwa miaka kadhaa sasa imekuwa ikitajwa kuwa 6.67430 × 10⁻¹¹ katika vizio vya kimataifa, na mashaka ya 0.00015 juu au chini ya ile 6.67430, ilhali kasi ya mwanga tangu mwaka 1983 ni mita 299,792,458 kwa sekunde bila mashaka yoyote, kwa kuwa mita yenyewe hufasiriwa kwa kasi hiyo. Kwa darasani na kwa gazeti, hata hivyo, chombo hicho butu kinatosha.

Ninachoomba si safu ya sayansi wala semina. Naomba mhariri msaidizi anayepitia namba ajiulize, kabla ukurasa haujaenda mitamboni, ni nani alipima na kwa kifaa gani, kisha namba iliyogeuzwa kutoka maili, futi, ratili au Farenhaiti ibaki na idadi ileile ya tarakimu muhimu iliyokuja nayo. Na pale waliohojiwa au kujaribiwa ni wachache, idadi yao iandikwe yenyewe badala ya asilimia. Kwa lile jedwali la dawa, masahihisho yanaweza kusomeka "wagonjwa 7 kati ya 12". Kwa kile kimbunga, "takriban kilomita 160" inatosha. Najua sifuri hiyo ya mwisho ina utata niliokwisha kuulalamikia, lakini ikiwa nyuma ya "takriban" hakuna msomaji atakayedhani mliipima.

Wako katika usomaji,
Mwalimu wa Fizikia